Mganda Uliobaki Shambani kwa Garbett

Tamar Preece alikuwa amesimama langoni mwa shamba tangu asubuhi, aproni kiunoni, na haingii ng'o. Ngano yote ilishabebwa, ila mganda mmoja tu ulioachwa wima katikati ya mabua. Mawingu nayo yalianza kujikusanya. Jumatatu mwanawe angekuja kumhamishia mjini, kwa hiyo akikosa leo, basi tena.

Alitaka ku-lease. Ninyi mnaonunua mkate dukani mtaniuliza ndiyo nini. Si kukodi shamba; ni kuingia shambani baada ya mavuno na kuokoteza masuke yaliyosazwa. Kwingine Uingereza wana neno jingine, lililokuja na mabwana waliovuka bahari kutoka Ufaransa wakatawala. Hili la hapa Herefordshire liliwatangulia mabwana hao, likadumu midomoni mwa wanawake wenye migongo mibovu. Tamar alilipokea ubavuni mwa mama yake, enzi zile wanawake wakijipanga mstari mzima, wakicheka na kusutana mpaka jioni. Jamani, aliipenda siku hiyo kuliko Krismasi!

Bwana Garbett, mwenye shamba mpya kutoka mbali, akaja na mkewe Edna.

"Bi Preece, ingia basi! Nani kakuzuia?"

"Si huo mganda wako! Ukiwapo, hapaingiwi. Ukiuondoa ndiyo ruhusa."

"Lo! Nilidhani vijana wameusahau." Akaufuata, akamletea. "Chukua wote, mama, ukapumzike."

"Wee! Nimekuja kuomba, mimi? Peleka ghalani kwako."

Edna akaangua kicheko. "Umeyataka mwenyewe. Haya, peleka!"

Garbett akaondoka nao. Tamar akaingia, akapaza sauti kama mama yake alivyokuwa akifanya, kuwaita wanawake wajipange. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu. Wenzake walishakufa, na mabinti zao hawataki habari za kuinama. Kutwa nzima alikuwa akiuwazia mganda, wala hakukumbuka kwamba mstari wenyewe haupo. Na kwa desturi mwitaji haanzi peke yake. Machozi yakamtoka.

Edna akavuka lango, akikaza aproni yake.

"Mgongo utakuuma, mwanangu," Tamar akamwambia.

"Acha uume. Nisimame wapi?"

Tamar akajifuta macho, akamwonyesha upande wa kushoto.

"Hapo. Hapo ndipo pa mama yangu."