Mzee Aliyedhaniwa Amenuna

Juzi nilimsindikiza dada yangu kwenye mazoezi ya mgongo, katika hospitali moja hapa Mbeya. Kwenye kitanda cha pili alikaa mzee mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Ubaruku, mgonjwa wa Parkinson, maradhi ya neva yanayokaza misuli. Mkono ulimtetemeka, na uso ulikakamaa kama wa mtu aliyenuna. Mkewe alisimama mbali naye.

Mtaalamu wa mazoezi akaweka kiganja tumboni kwa mzee. "Vuta pumzi, baba, tumbo lijae. Ndipo useme."

"Huyo haongei," mkewe akadakia. "Mwaka mzima amenisusa. Nimehamia chumba cha watoto."

"Hajakususa, mama. Ugonjwa umemkaza kifua. Sauti inakosa pumzi ya kuisukuma."

Mara tatu mzee akavuta pumzi, akatoa "aaa" nyembamba. Mara ya nne akamtazama mkewe.

"Nilikuwa nakuita," akasema, tukasikia wote. "Kila siku."

Mama akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa khanga. Mzee alitaka kuongeza neno, pumzi ikamwishia.

Mtaalamu alituambia kwamba mazoezi hayo hayaponyi, yanasaidia kwa muda tu. Na sisi wenye pumzi tele, majumbani mwetu tunanyamaziana kwa makusudi.