Uzi wa Maharage na Alizeti

Mume wangu Eliakimu anashona magunia katika soko la mahindi Kibaigwa. Kidole gumba chake cha kulia kimekuwa kigumu kama kwato kwa sababu ya shazia, ile sindano ndefu ya magunia. Kila gunia analomaliza anatia punje moja ya mahindi kwenye mfuko wa shati, jioni anazihesabu, analipwa. Aliishia darasa la nne, lakini hajapunjwa hata gunia moja. Mimi nikisahau kupekua shati lake kabla ya kufua, pale ninapomwaga maji panaota mahindi.

Mwezi wa kumi, siku ya kufua, sikukuta punje. Nilikuta uzi wa gunia uliotungwa maharage mekundu na mbegu nyeusi za alizeti, zimechanganyika, na katikati choroko moja ya kijani. Mtoto wetu Anitha akaunyakua, akauvaa shingoni. Mimi nikawaza mganga.

"Baba Anitha, hii shanga ya nani?"

Akacheka kama mtu aliyekutwa na sukari mdomoni. "Hiyo siyo shanga. Hiyo ni akili."

Akanieleza. Nyuma ya stendi kuna banda lenye mashine ya gurudumu, wanaita ruleti. Unachagua rangi, nyekundu au nyeusi. Yeye alikuwa anatunga kila rangi iliyotoka: harage kwa nyekundu, alizeti kwa nyeusi, choroko kwa ile sifuri ya kijani inayokula wote.

"Naweka mia tano kwenye nyekundu. Ikikataa, naweka elfu moja. Ikikataa tena, elfu mbili. Nazidisha hivyo hivyo mpaka ije. Ikija, zote zilizokwenda zinarudi, na mia tano juu."

"Na isipokuja?"

"Itaacha kuja? Mama Anitha, sokoni nani anashonea lori mbili mfululizo wenzake wamekaa? Kila mtu ana zamu yake. Na rangi ni hivyo hivyo."

Nilikuwa na ungo mapajani. Nikapanga punje, kila punje mia tano: moja, mbili, nne, nane, mpaka fungu la saba. Zikawa mia moja ishirini na saba.

"Yaani unatoa zote hizi kufuata punje moja?"

Akanionyesha shingo ya Anitha. "Mara saba haijawahi kutokea. Hesabu kwenye uzi."

Nikahesabu. Kweli, nyeusi hazikuzidi nne kwa kufuatana. Na niseme ukweli, sukari aliyokuwa akileta wiki zile kwa pesa ya ruleti niliinywa kwenye chai.

Tulikuwa na shilingi laki mbili na arobaini za bati kumi na mbili. Nyumba yetu ilikuwa ya tembe, udongo wa paa umechoka, unavuja, na masika yaliyopita nilimlaza Anitha chini ya meza. Siku ya kwenda dukani nilimfungia pesa kwenye kitambaa. Akaondoka asubuhi, akisema atarudi na guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Pesa ya guta hatukuwa nayo. Elfu mbili tu. Akapita bandani kuitafuta.

Alinisimulia mwenyewe, hakuficha. Nyeusi, nyeusi, nyeusi, choroko, nyeusi, nyeusi, nyeusi. Mara saba. Elfu sitini na tatu na mia tano za bati zimekwenda. Akataka kuweka elfu sitini na nne. Dorkasi, dada anayekaa dirishani, akamrudishia.

"Kaka, mashine haipokei zaidi ya elfu hamsini."

"Lakini sasa ni zamu ya nyekundu!"

"Mwambie mashine, mimi nauza tu."

Gurudumu likazunguka bila pesa yake. Ikaja nyekundu. Anasema hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko zote saba.

Alirudi nyuma ya guta, anasukuma. Nikahesabu bati kabla hajanisalimia.

"Nane," nikasema.

"Ni nane, Mama Anitha."

Sikumgombeza. Nilimwandalia ugali na mlenda, nikaenda kukaa kwenye kigoda changu jikoni. Siku ya pili hivyo hivyo. Tangu tuoane hatukuwahi kula mbalimbali.

Fundi akaezeka zile nane. Ikabaki kona moja wazi. Eliakimu akaokota viroba vilivyochanika sokoni, akaviosha, akatia nailoni katikati, akashona siku nne mfululizo, mishono midogo imekaribiana kama meno. Akalifunga turubai lake hilo juu ya kona, kisha akakivuta kitanda: upande wangu na wa Anitha chini ya bati, upande wake chini ya viroba.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, mvua ya upepo na kelele. Akakaa kwenye debe chini ya kona yake, kiganja wazi, uso juu. Anitha akasimama mbele yake na uzi wake shingoni, akigusa mbegu moja moja. "Nyekundu. Nyeusi. Nyeusi. Baba, inayofuata ipi?"

"Sijui, mwanangu," akasema. "Kumbe sijui."

Nikakiangalia kiganja chake. Kilikuwa kikavu.

"Inavuja?" nikamwuliza kutoka jikoni.

"Hata tone."

Nikapakua ugali kwenye sahani moja, nikachukua kigoda changu, nikaenda kukaa naye chini ya viroba.