Nilivyotembezwa Kwetu

Wenzangu wawili waliolipia safari ile walighairi asubuhi, walipoona mvua ya masika inavyoishukia Morogoro. Walikuwa na akili zao. Mimi nilivaa koti la mvua, nikavuta kofia yake hadi kwenye nyusi, nikamwambia dada mwongoza watalii kwamba maji hayajawahi kuniua. Tukaanza kupanda Uluguru, mimi na yeye tu.

Sikumwambia kwamba njia ile naijua. Niliichagua kwenye orodha yao kwa sababu inapita chini ya nyumba ya marehemu bibi, mzaa mama. Nilitaka kuiona kwa mbali, kisha niondoke zangu kabla mtu hajanitambua. Miaka mitatu nyuma mama alifia Dar es Salaam. Alikuwa ametuomba tumrudishe akalale kando ya mama yake. Ilikuwa masika kama haya, tukasikia barabara ya mlimani imekatika, tukamzika hukohuko kesho yake bila kuwasubiri watu wa ukoo wake. Mama mdogo, aliyebaki kwenye nyumba ile, nilimtumia ujumbe wa simu kwamba tumeshazika. Tangu siku hiyo sikuwa na uso wa kumtazama.

Dada yule alikuwa hodari, sikatai. Alinionyesha migomba, akanionyesha magimbi, akanieleza kwamba kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama.

"Kwa hiyo mtoto wa kike huku ana chake, mama," alisema.

"Ahaa!" nikaitikia, kama mtu wa kuja. Moyoni nilikuwa nimeudhika. Gimbi lililonikuza, leo nafundishwa jina lake!

Zamani, shule zikifungwa, tulishukia Kilakala, chini ya mlima, na vifurushi vyetu, tukapanda kwa miguu, mama mbele, sisi nyuma tukigombania nani abebe sukari. Harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni ndiyo iliyotuambia kwamba tumekaribia. Bibi hakuwa mtu wa kukumbatiana. Alichomoa gimbi kwenye majivu akakuwekea mkononi, nawe ukalirusha kutoka kiganja hiki hadi hiki huku ukipuliza, na hayo ndiyo yalikuwa mapokezi. Siku ile harufu niliikuta ileile. Nikajifanya nakohoa.

Mvua ikazidi, ikawa ya kumwagwa kwa ndoo.

"Tujisitiri hapa, mama. Mwenye nyumba hii namfahamu," dada akasema, na tayari alikuwa anapanda ngazi za udongo za nyumba ya kwetu. Nilisema tuendelee tu. Labda hakunisikia, labda alijitia hamnazo. Nikamfuata.

Mama mdogo alikuwa jikoni, mbele ya moto. Amezeeka, amekuwa mfupi. Mara ya mwisho tulionana kwenye mazishi ya bibi, nikiwa bado nasoma. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya chini, kofia ikiwa palepale kwenye nyusi. Aliitikia marahaba, akanikaribisha, nami nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kisha akamgeukia dada, akamwambia kwa Kiluguru, "Mwambie mgeni wako asikae hapo, panavuja."

Dada alipofungua kinywa anitafsirie, nilikuwa nimeshahamia upande wa pili wa moto.

Wote wawili wakanigeukia. Mama mdogo akaweka upawa chini, akanijia, akanivua ile kofia kwa mkono wake mwenyewe. Uso wangu ni wa mama, kila mtu husema hivyo. Alinitazama sana.

"Tangu lini mtu akatembezwa kwao?"

Nilipiga magoti. Nilimweleza yote, mvua ilivyokuwa, barabara ilivyokatika, wenye magari walivyokataa kupanda.

"Mvua hii ni ya kwetu," alisema. "Tumezaliwa nayo. Mngetuambia mnatusubiri, tungeshuka kwa miguu."

Nililia mbele ya mtoto wa watu, wala sikujali. Dada aligeuka akawa anatazama nje. Mama mdogo hakunibembeleza. Aliniacha hadi nikamaliza, akachokoa majivu, akatoa gimbi, akaniwekea mkononi. Nikalirusha kiganja hiki hadi hiki, nikipuliza.

"Mama yako alikuwa hivyohivyo," akasema, na safari hii alitabasamu kidogo. "Shamba lake nalilima mimi. Sasa hivi lina maharage. Kesho utaliona."

Mvua ilipopungua, dada alisimama, akauliza kwa adabu kama tuendelee hadi kwenye maporomoko ya maji, maana hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye ratiba.

"Wewe nenda, mwanangu," mama mdogo alimjibu. "Huyu amefika."