Hajjat aliyetaka kunipangisha nyumba yenye dohani Lindi mjini

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenye nyumba na sisi wapangaji.

Haya yamenitokea mwenyewe, sikusimuliwa na shemeji wa jirani. Mods, naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la vichekesho, ingawa mwanzoni utaonekana unafaa huko.

Mimi ni fundi mafriji. Kwetu Somanga, ila miaka yote nilikuwa nahangaikia maisha Dar. Mwaka jana nikapata kazi Lindi mjini, kwenye ghala la samaki, kuripoti baada ya wiki tatu.

Wakati huohuo nilikuwa nimepeleka posa kwa Zuhura, binti wa Kilangala, na posa ikakubaliwa. Baba yake ni mkulima wa korosho, mzee wa maneno machache. Alinipa sharti moja: "Binti yangu haolewi gesti. Ukishika ufunguo wa nyumba, njoo nikupe tarehe."

Hakuna nyumba, hakuna ndoa.

Na palepale kijijini kuna mwalimu mmoja, ana nyumba ya serikali, kila jioni anapita kwa mzee kuulizia hali ya mikorosho. Mwalimu wa hisabati, mikorosho inamhusu nini?

Mtu mwenye akili zake angepanda basi akaitafute nyumba kwa miguu. Mimi nikajiona wa kisasa, nikaingia mtandaoni.

Nikakuta tangazo. Nyumba nzima, Lindi mjini, vyumba viwili, maji ndani, upepo wa bahari, hakuna dalali. Bei ni nusu ya zote nilizokuwa nasikia. Picha sasa! Vigae, zulia zito, bustani ya kijani, na juu ya paa dohani ya kutolea moshi wa moto wa sebuleni.

Wakuu, Lindi hiyo! Mji ambao watu wanatoa mikeka nje kutafuta hewa. Nani anaota moto sebuleni? Mimi niliitazama ile dohani nikasema, kumbe mwenye nyumba ni mtu wa maendeleo.

Mwenye nyumba akajitambulisha kwa jina la Hajjat. Mjane, miaka sabini na mbili, picha ya profile ni Kaaba. Kunionyesha nyumba haiwezekani kwa sababu yuko umra. Funguo anazo mlinzi, na mlinzi hatoi funguo mpaka kodi ya miezi sita iingie.

Nikipiga simu hapokei. Anajibu kwa maandishi, au kwa voice note ya sekunde nane: sita za kukohoa, mbili za "mwanangu, Mungu akubariki."

Na mimi kila asubuhi "shikamoo Hajjat, pole na kikohozi." Nikamshauri mpaka tangawizi. Tapeli namuuguza!

Akanipa namba ya kutumia pesa, jina likaja la kijana wa kiume. Nikauliza. Akasema ni mjukuu, yeye mambo ya simu hayawezi. Nikaona sawa, hata mama yangu ndivyo alivyo. Mtu akishataka kudanganywa anamsaidia tapeli kazi. Tapeli anatoa nusu ya uongo, nyingine unaimalizia mwenyewe.

Na ni mimi huyuhuyu niliyekuwa nawacheka humu watu waliolizwa na "ile hela tuma kwenye namba hii." Comments zangu zipo, naomba msizifukue.

Siku ya tatu Hajjat akanipa mwisho. Kuna mtu wa benki anaitaka nyumba, ikifika saa kumi jioni sijatuma, nimekosa.

Saa nane nikampigia mama kumpa habari njema. Mama yangu anauza samaki wa kukaanga pale Somanga mabasi yanaposimama. Nilitegemea vigelegele. Akaniuliza ni nani aliyenikabidhi kwa huyo mwenye nyumba.

Niwaeleze wasiojua. Kwetu, kijana akienda kukaa kwa mtu, mzazi humsalimia mwenye nyumba na kumkabidhi mtoto. Nilipopanga chumba changu cha kwanza Dar, mama alimpigia baba mwenye nyumba akamwambia, huyu ni mwanao, akikosea mkanye, akiumwa nipigie. Nina ndevu, wakuu. Niliona aibu mwezi mzima.

Nikamwambia, "Mama, siku hizi nyumba zinapangwa kama mtu ananunua vocha."

"Vocha haina mwenyewe. Nyumba ina mwenyewe. Nipe namba ya huyo mwenzangu."

Nikampa ili yaishe.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mama pamoja na wauza samaki wenzake, maana simu ya mama siku zote iko kwenye spika.

Safari hii simu ilipokelewa, nadhani kwa sababu namba ilikuwa ngeni na pengine ni mteja mwingine. Mama ana sauti nzito ya mtu mzima, imekomazwa na kuita abiria. Akasema, "Assalaam alaykum."

Sauti nyororo ya binti ikajibu, "Waalaykum salaam. Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu. Nipe Hajjat nizungumze naye."

Kikohozi. Kisha sauti ileile, sasa imetiwa mchanga: "Ndiye mimi."

"Wewe ndiye Hajjat? Wa miaka sabini na mbili?"

"Ndiye."

"Mimi nina hamsini na tisa. Mbona umeniamkia?"

Simu ikakatwa.

Tumpe tapeli haki yake. Kabla hajafundishwa wizi kuna mama yake alishamfundisha adabu, na adabu ndiyo iliyowahi mdomoni. Malezi yalimponza binti wa watu kazini.

Dakika mbili baadaye nami nikablokiwa, Kaaba ikatoweka. Mama aliponipigia hakunitukana. Alicheka mpaka nikasikia wenzake wanamwambia samaki wanaungua. Kisha akasema, "Panda basi."

Nikapanda. Kesho yake mchana niko Lindi, na kitu cha kwanza nikaenda pale Hajjat alipokuwa ananielekeza. Nilitaka kupiga picha nije niwachekeshe humu. Nikakuta pagala lisilo na paa, ndani mbuzi wawili.

Na nje kuna dada amekaa juu ya godoro la maua, mtoto mgongoni, masufuria pembeni, anapiga simu isiyopokelewa. Ni nesi, amehamishiwa Lindi. Kodi ya miezi sita alishatuma, naye Hajjat akamwelekeza hapohapo.

Akaniambia, "Kaka, mimi siyo mjinga, nisingetuma. Ila kwenye grupu letu la wanaohamia Lindi kuna mtu aliandika kwamba Hajjat ameshazungumza naye, ni mtu wa dini, hana longolongo."

Wakuu, kuna kipande nimekiruka makusudi hadi hapa.

Hajjat aliniambia ana nyumba ya pili, na nikimletea mpangaji atanishikia yangu, mtu wa benki asiipate. Nami nilitaka kuoa. Nikaandika kwenye lile grupu. Maneno aliyonitajia yule dada ni yangu, hakuna hata moja lililobadilika.

Nikamuuliza alituma lini. Akasema jana, saa kumi na mbili jioni.

Mama alikuwa ameshamuumbua Hajjat tangu saa nane. Saa nne nzima nilikuwa nawasimulia mafundi wenzangu kile kikohozi, tunacheka. Sikukumbuka kurudi kwenye grupu kuandika hata neno moja.

Nilimwambia "pole sana dada." Nikamsaidia kubeba godoro hadi kwa nesi mwenzake. Jina langu sikumtajia.

Nyumba nilipata siku ya nne tangu nifike Lindi, kwa kutembea na kuuliza majirani. Mzee alitoa tarehe, Zuhura ni mke wangu.

Kwa hiyo nendeni mkaone nyumba kwa macho yenu, mtafutieni mwenye nyumba mtu mzima wa kumsalimia. Na usimdhamini mtu ambaye hujawahi kumwona. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima raha.

Wenye visa vyenu shusheni, na wanaotaka kunichana wanichane, nimestahili.

Dada nesi, kama uko humu, njoo inbox tupange nitakavyokurudishia hela yako. Aliyeandika yale maneno ni mimi. Nilipaswa kukwambia palepale, tulipokuwa tumeshika godoro, wewe upande huu na mimi upande ule.