Binti Yangu Ameniwekea Meza ya Vijiko

Admin, jina langu lifiche, maana huku Toronto Waswahili tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, kwetu Muheza, naishi mtaa wa Agincourt, nafua mashuka hotelini. Mume aliondoka zamani, simtaji hapa asije akajiona wa maana. Nina mtoto mmoja tu, wa kike, nimwite Neema. Nilikuja naye akiwa mdogo.

Ndugu zangu, kisa changu ni cha kula. Mtacheka. Chekeni tu, lakini someni mpaka mwisho.

Neema nilimfundisha kula mimi, kwa mkono wangu huu. Namwambia, "Kusanya wali kwa vidole, bana, sukuma kwa kidole gumba. Usijipake mpaka kiganjani." Akawa fundi. Tulipofika huku akaanza shule, siku moja akaleta rafiki yake nyumbani. Nilikuwa nimepika wali na dagaa. Nikanawa, nikakaa, nikamega. Yule mtoto akatoa macho! Alipoondoka, Neema akalia kama kafiwa. Akaniambia kwa Kiingereza chake, "Mama, watu hawali hivyo. Usile tena kwa mkono mbele ya watu, naona aibu." Nikamjibu, "Aibu ya nini, mkono si wangu na nimenawa?" Akazidi kulia. Sasa mzazi utafanya nini? Nikanunua uma. Tangu siku ile sikutia mkono kwenye sahani, hata samaki mwenye miiba nilihangaika naye kwa uma. Mwisho nikazoea, hata nikiwa peke yangu.

Mwaka huu Neema amepata mchumba, kijana wa Kifilipino, tumwite Jun. Kijana mpole, sina neno naye. Neema akanipigia simu: "Mama, Jumapili tunakula na mama yake Jun kwenye mgahawa wa kwao. Mama, tafadhali, siku hiyo iende vizuri." Hiyo tafadhali mimi naijua. Nikavaa gauni la kanisani, nikaapa sitamwaibisha mwanangu.

Mgahawa wenyewe mdogo, watoto wanakimbia, mtu kashika kipaza sauti anaimba kwa kufuata televisheni. Nikasikia harufu ya nazi na samaki wa kukaanga, moyo ukafunguka. Mara wahudumu wakatandaza majani ya mgomba meza nzima, wakamwaga wali katikati, juu yake samaki, kamba, bilinganya za kuchoma, maembe mabichi. Hakuna sahani, hakuna kijiko. Watu wakainuka kwenda kunawa. Jamani! Nilitaka kulia kwa furaha.

Nikamwangalia Neema anipe ishara, hata ya jicho. Hakuniangalia. Nikawaza, labda hii ni ya wenyewe tu, mimi nikitia mkono nitamharibia mtoto mbele ya wakwe. Nikamwita mhudumu, nikaomba uma.

Meza nzima ikanigeukia. Mama yake Jun akatabasamu kwa shida, akasema, "Mleteeni, hajazoea." Hapo Neema wangu akanyoosha mkono, akakusanya wali kwa vidole, akabana, akasukuma kwa kidole gumba. Kiganja kikavu kabisa. Yule mama akamsifu mbele ya watu wote: "Mimi ndiye niliyemfundisha! Siku ya kwanza nilimwelekeza mara moja tu, akashika." Neema akacheka, akamwita Nanay, ndiyo mama kwa lugha yao, akamlisha tonge. Mimi nimeshika uma.

Nikajikaza nikasema, "Hata kwetu tunakula hivi." Neema akaninong'oneza, kwa Kiswahili, ambacho hanisemeshi siku hizi, "Mama, basi. Usijifanye sasa."

Tulipoingia kwenye gari akaanza. "Mama, umewadharau. Wanadhani unawaona wachafu."

"Neema, si wewe uliyenikataza?"

"Lini?"

Nikamkumbusha yule rafiki, wale dagaa, yale machozi. Akafikiri, tena akafikiri kweli, hakuwa anadanganya. "Sikumbuki kitu kama hicho, Mama. Tusigombane." Bora angekana kwa ukaidi, ningemgombeza roho yangu ikatulia. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nami nililea kwa kujibana mpaka mkono wangu nikauficha, na aliyenifanya niufiche hajui kama ni yeye.

Wiki iliyopita kaja na habari njema, eti. Chakula cha harusi kitaliwa mgahawa uleule, kwenye majani. Wamepanga Nanay ndiye amlishe bibi harusi tonge la kwanza, kwa kuwa ndiye mwalimu wake. "Na wewe Mama usiwe na wasiwasi," akaniambia, "tutakuwekea meza yako pembeni, yenye vijiko na uma, ukae na wageni wengine wasiozoea. Hakuna atakayekulazimisha." Kisha akanibusu shavuni. Kafanya kwa mapenzi, sina hata pa kukasirikia. Nikamwambia ahsante.

Nikampigia dada yangu Muheza. Akasema, "Wewe nawe! Nenda katie mkono, nani atakukata?" Rahisi kusema. Jana nimepika wali wa nazi na samaki, nikafunga mlango, nikanawa, nikakaa chini. Tonge likanivunjikia njiani, wali wote kifuani. Nikajaribu tena, ukamwagika tena. Nikainuka nikachukua uma.

Mliolea watoto ugenini, nisaidieni mawazo. Niende nikae meza ya vijiko, nipige makofi mwenzangu akimlisha mwanangu tonge la kwanza, au niseme naumwa? Kuzungumza naye msiniambie, nimeshazungumza. Hakumbuki.