Sauti ya Isdori Kwenye Meza ya Jirani

Isdori wa Mollo alikuwa na sauti isiyo na ya pili Ufipa nzima, ukiiacha ya huyu anayewasimulia. Akisimama sokoni Sumbawanga mbele ya rundo lake la masweta ya mitumba, akaita, "Baridi haina ndugu! Vaa uonekane mtu!", bodaboda walipunguza mwendo, na mama aliyekuwa anapima maharage alisahau amefika kopo la ngapi. Wanaume wengine Mungu huwapa ng'ombe. Isdori alipewa koo.

Kilichomponza ni kupenda sifa. Azizi, kijana wa familia moja ya wenye maduka, alifungua meza ng'ambo ya njia kuuza mablanketi na masweta hayohayo. Akanunua spika, ile inayorekodi tangazo na kulirudia mpaka chaji iishe. Lakini sauti yake mwenyewe ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Akamwomba Isdori amrekodie. Isdori alisifiwa kidogo, akaletewa chipsi mayai, akaita mara moja tu, kwa mbwembwe zote. Hakujua kwamba amezaa mtoto na kumpeleka kulelewa kwa jirani.

Mwezi wa sita, baridi ilipokaza na vumbi la mahindi likatanda mjini, koo lilianza kukwaruza. Akalipiga na tangawizi. Akalipiga na limau. Akalipiga na kitu cha chupa kutoka kijiji cha Kate ambacho mnywaji haulizi kimetengenezwa na nini. Mwisho akawa ananong'ona tu, akiamini analipumzisha, kama tunavyoamini sote.

Mkewe, Fortunata, akamburuta mpaka kliniki moja mjini, kwa Hellena, binti ambaye kazi yake ni kutibu sauti za watu. Hellena alimpitishia kamera nyembamba puani, akamwonyesha kwenye skrini nyama mbili zinazogongana kama midomo ya msengenyaji.

"Unaviona hivi vipele, kimoja kila upande? Ni kama sugu za mkono wa mwenye jembe, baba. Umelima kwa koo miaka ishirini."

"Nitakatwa?" akanong'ona Isdori.

"Kwanza acha kunong'ona, nako kunakaba koo. Siku saba kimya kabisa. Kunywa maji, na usijikohoze kusafisha koo. Halafu nitakufundisha upya kuongea."

Baba wa watoto watano, afundishwe upya kuongea. Haya.

Akaandika kwenye boksi, SIONGEI, DAKTARI KASEMA, akalisimamisha mezani. Siku ya kwanza tu alikuja Malimi, mfugaji wa Kisukuma, mteja wake wa miaka mingi, akashika sweta la kijani.

"Bei gani, mjomba?"

Isdori akanyoosha vidole. Ng'ambo ya njia spika ikaita, tamu, imeshiba: "Baridi haina ndugu!"

Malimi akageuka. "Kumbe uko kule," akasema, akavuka.

Isdori alibaki na vidole hewani. Tangu saa hiyo hakuwa na adui mwingine duniani. Aliichukia ile sauti kwa sababu haikuchoka, haikunywa maji, haikukatazwa lolote. Ilikuwa kijana, na yeye alikuwa amezeeka kwa wiki mbili.

Siku ya tatu Fortunata alimletea chakula, akasimama na uso umeelekea kwa Azizi, macho yamefumba nusu.

"Baba Leonidas, ndivyo ulivyokuwa unaniita kule Mollo, nikiwa upande wa pili wa bonde."

Isdori akausukuma ugali kando. Methali ya mwanaume ambaye koo lake mwenyewe linamnyang'anya mke wazee hawakutuachia, na mimi nimeitafuta. Jioni akaona blanketi jipya kitandani. Akaandika: *Limetoka wapi?*

"Kwa Azizi. Kanipunguzia."

*Kwa nini?*

"Kamuulize," akasema Fortunata, akijua fika kwamba hawezi.

Siku ya tano akavuka njia. "Shikamoo, mzee," Azizi akasema. Isdori akaonyesha spika, akapitisha mkono shingoni.

"Nizime? Mzee, si ulinipa mwenyewe? Na leo wewe bubu. Mshukuru huyu, anakutangaza."

Meza zote za jirani zikacheka. Isdori akarudi kwake, akapanda juu ya meza, akavuta pumzi, akaita. Kilichotoka ni mbuzi aliyekabwa na kamba. Spika ikamjibu palepale, nzima, haina hata mkwaruzo. Watu walishika mbavu. Fortunata, aliyekuwa anakuja na sufuria, hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kule kliniki Hellena alitazama skrini. "Zimevimba. Unaanza siku ya kwanza. Ukirudia tena, sauti itakayobaki mimi siidhamini. Ulikuwa unashindana na nani?"

Akaandika: *Na mimi.*

"Huyo ameshashinda, baba. Tufanye kazi na aliyebaki."

Akanyamaza upya, siku saba za kweli. Kisha akafundishwa kupuliza mrija ndani ya glasi ya maji huku akivuma kama nyuki, na kuvuta pumzi ya tumboni. Watoto walimwigiza mpaka wakamaliza mirija. Sauti iliyotoka huko ilikuwa ya chini, ina mchanga kidogo. Mteja ilimbidi asogee ndipo asikie, na akisogea mkono wake hugusa sweta. Lakini tusidanganyane, Azizi bado aliuza zaidi.

Jumamosi moja Fortunata alikuwa anakuja na kapu la chakula. Spika ikaita. Akapunguza mwendo, kama kawaida yake.

"Mama Leonidas," Isdori akasema.

Hakusikia.

"Mama Leonidas."

Spika ikamfunika. Mishipa ya shingo ikamsimama, kifua kikajaa, wivu ukampanda hadi kwenye meno. Pumzi ya kupiga ukelele mmoja alikuwa nayo. Akaishusha. Akanywa maji funda moja, akaacha masweta bila mlinzi, akavuka njia, akasema karibu na sikio lake, "Fortunata."

Mke akashtuka. "Ulikuwa unaniita?"

"Mara mbili."

"Mbona sikusikia?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Fortunata akamtazama, akampa kapu abebe. Na msidhani wivu ulipona: Isdori alimshika mkono, akamvusha njia upesi, kabla spika haijarudia.