Filimbi Tatu

Mtaa wetu uko juu ya mashimo ya dhahabu. Wazungu walichimba wakaenda zao, na watu wetu wakaendelea pale pale, nje kidogo ya mji wa Kakamega, wakiteremka kwa kamba. Kwa hiyo hatukuwa watu wa kuogopa ardhi ikitingishika. Sahani zikigongana kabatini, mtu alizishika kwa mkono mmoja akaendelea na hadithi yake. Tulichodai ni heshima tu. Mbele ya naibu wa chifu, wachimbaji walikubali kupuliza filimbi mara tatu kabla ya kuwasha baruti, ili tuwatoe wazee na watoto nje.

Alasiri ile hakuna filimbi iliyolia.

Nilikuwa uani nikianua nguo. Ardhi ilinipiga magotini nikaanguka, kisha nikasikia ukuta wa jikoni ukishuka. Mama alikuwa ndani akichambua mboga. Nilimkuta amekaa vile vile, sufuria mapajani, mguu wa kulia umefunikwa na matofali hadi gotini. Hakulia. Aliniambia nitoe mboga kwanza, zisiingie mchanga. Ukuta ule niliujenga mimi, udongo mwingi na simiti ya kunusa tu, lakini sikutaka kukumbuka hilo. Majirani walipombeba kwenda hospitali, sikuandamana naye. Nilichukua mpini wa jembe.

Kila nyumba ilitoa mtu. Hakuna aliyeuliza swali, maana tulijua mtingishiko wetu hutoka wapi. Wachimbaji walikuwa wamesimama kando ya shimo wakitazamana, na mawe yetu yaliwafikia kabla yetu. Nilimwona mzee wa kanisa, mtu mpole anayetupitishia sadaka, amemkanyaga mchimbaji shingoni. Mchimbaji mwingine alikuwa akitambaa huku ameshika sikio lililoning'inia. Mimi nilipiga vizuri. Nasema hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: mkono ulikuwa mwepesi na moyo ulifurahi.

Mmoja hakukimbia wala hakujikinga. Alikuwa kwenye mdomo wa shimo, ameshika mpini wa chuma wa gogo la kuzungushia kamba, mwenzake wa upande wa pili ameshatoroka. Nilimpiga mgongoni, nikampiga begani, akabaki amesimama tu. Huko kutojikinga kuliniudhi kuliko yote, nikaona ni kiburi. Nikamlenga mikono.

"Mama, chapa tu," alisema. "Lakini kuna mtu kwa kamba."

Baadaye niliwaambia watu kwamba kulikuwa na kelele. Ni uongo. Nilimsikia, nikampiga tena, mara mbili, kwenye vidole vya mkono wa kulia, nikavisikia vikivunjika. Hakuachilia. Aliulalia mpini ule kwa kifua.

Hapo ardhi ikatingishika mara ya pili. Wachimbaji wengine walikuwa wametoroka au wamelala miguuni petu kwenye damu yao, hakuna hata mmoja wa kuwasha chochote. Mabati yalilia ng'ambo ya bonde, yakalia hadi katikati ya mji, kule ambako hakuna shimo. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Nilitupa mpini wangu nikashika ule wa chuma, juu ya mikono yake, majirani wakaja, tukazungusha. Aliyetoka alikuwa mtu mzima, mdomo umejaa udongo. Alipomaliza kukohoa alitushukuru, kwa kuwa hakujua.

Jioni redio ilisema lilikuwa tetemeko la ardhi la wastani.

Mama alipona, ingawa anachechemea. Nilikwenda kwa yule niliyemvunja vidole kumwomba msamaha, nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Akanipa chai na kuniuliza habari za mguu wa mama. Siku hizi hafanyi kazi shimoni. Kila wiki hupita kwenye kibanda changu sokoni kununua mboga. Vidole vya kulia havikunjuki, kwa hiyo hutoa pesa kwa mkono wa kushoto, na kwetu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumdharau. Yeye amelelewa vizuri. Kabla ya kuunyoosha mkono huo, kila mara, huinamisha kichwa kidogo.

"Nisamehe, mama," ananiambia. "Nakupea na kushoto."